Nilivyokwenda Kuutafuta Uso wa Zuhura

Kwa nini nilitoka Likoni

Mliniuliza, rafiki zangu, nilikuwa wapi zile siku ambazo Mama aliuza viazi karai peke yake, nami nikacheka tu nikaangalia chini. Mnanijua. Kusema mbele ya watu kunanitoa jasho. Kwa hiyo nimeandika, kidogo kidogo, kila nikimaliza kuosha masufuria. Niliishia darasa la nane, basi mkikuta mahali pamejikunja nisameheni.

Mtasema Jomvu Kuu na Utange si safari, ni pua na mdomo. Kweli. Lakini mimi sikuwahi kulala nje ya Likoni, wala kubisha hodi peke yangu kwenye nyumba nisiyoijua. Kwangu ilikuwa mbali.

Mwajua kwamba Nyanya, yaani mamake Mama, anaishi nasi, na kwamba macho yake yanakwenda. Daktari alisema yaliyoharibika hayatarudi, na yaliyobaki yatafuata. Msilolijua ni hili. Siku moja asubuhi, Mama akimimina chai, Nyanya alisema, "Mpe na huyo mtoto."

"Mtoto gani, Mama?"

"Huyo aliyekaa hapo kwenye ndoo."

Kwenye ndoo hapakuwa na mtu.

Tangu hapo alimwona kila siku. Ni msichana mdogo, alisema, amekaa amekunja miguu, amevaa gauni lenye kola pana. Hana uso. Mahali pa uso pana kitu kama moshi. Mama akamwita mwalimu wa madrasa akaja kumsomea Kurani. Nyanya alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akasema, "Naye amesikiliza vizuri sana. Bado yupo."

Daktari wa macho alipoambiwa hakushtuka. Alisema macho yanayokufa huweza kuonyesha vitu. Mama akapoa moyo. Mimi sikupoa, kwa sababu nilimwona Nyanya akitembea chumbani kwa kupapasa, na kila akifika kwenye ndoo aliinua buibui lake na kupitia kando, kama mtu anayeogopa kumkanyaga aliyekaa.

Nyanya alizaa binti watatu. Wa kwanza ni Zuhura, aliyekufa mdogo, Mama hajazaliwa. Wa pili ni mama mkubwa Mwanakombo, aliyepewa dadake Nyanya kule Utange amlee kwa sababu dada huyo hakujaliwa mtoto. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Wa tatu ni Mama. Zuhura alipofariki, Babu alizitoa picha zake nyumbani ili Nyanya asizidi kulia. Moja aliipeleka Jomvu Kuu kwa dadake, Bi Rukia. Nyingine Utange. Nyumbani hapakubaki hata moja.

Sasa Nyanya alisema, "Niletee uso wa Zuhura kabla sijaingia gizani. Nikiuona, nitamjua huyu mtoto ni nani. Nisipouona nitabaki naye hivi hivi, hana uso, mpaka nife."

Mama alitaka watume picha kwa simu. Nyanya akakataa, mwanga wa simu unamchoma, alitaka karatasi ya kushika karibu na jicho. Mama hawezi kumwacha. Basi ikawa mimi.

Kuvuka

Asubuhi nilivaa buibui langu jeusi, nikashuka hadi feri. Tulikwisha kuingia sote, watu na mikokoteni, lakini hatukuondoka, kwa sababu meli kubwa ilikuwa ikiingia bandarini na lazima ipishwe.

Mmeiona mara nyingi, najua. Mimi siku hiyo niliitazama kwa macho mengine. Ilipita mbele yetu kama jengo linalotembea, taratibu, bila kelele, ikatufunika na kivuli chake. Watu wote wakainua vichwa. Nilitafuta mtu mmoja tu juu yake, hata anayeanika shati. Hapakuwa na mtu.

"Dereva wake yuwapi?" akauliza mzee mmoja mwenye mkokoteni wa vitunguu.

"Yuko chini amelala, kama wewe jana mzigo ulipofika," akajibiwa, na watu wakacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Nadhani nao walikuwa wakimtafuta mtu huyo.

Upande wa pili nilipanda gari la Changamwe. Malori ya makontena yalikuwa yamefunga barabara, tukakaa mahali pamoja mpaka wengine wakashuka wakaenda kwa miguu. Nilifika Jomvu adhuhuri imekwisha adhiniwa. Kutoka barabarani nilishuka kwa njia ya miguu, nikipita makuti na mashamba madogo ya muhogo, hadi msikitini, ambapo Mama alinielekeza nihesabu milango kushoto. Maji ya hori yalikuwa yamekupwa, na mikoko ilisimama kwenye tope na mizizi yake nje. Harufu ilikuwa ya chumvi na kitu kilichooza kidogo.

Jomvu Kuu

Hapa ndipo nilipofanya balaa.

Mama alinifundisha la kusema: shikamoo, mimi ni Riziki, mjukuu wa Bi Saumu wa Likoni, nimetumwa. Nililirudia njia nzima. Lakini mlango ulipofunguka nikaona wanawake kama watano wamekaa mkekani wanachambua mchele, wote wakanitazama, maneno yakatoka kichwani yote. Nikaingia kimya. Nikamwona bibi mzee kuliko wote, nikajua ndiye Bi Rukia. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikaubusu, nikabaki nimeushika. Sauti haikutoka.

Mwajua ilivyo kwetu. Habari ya msiba haipigiwi kelele mlangoni. Anayeileta huingia, huketi, humshika mkono mwenyewe, hunyamaza mpaka aulizwe. Nami niko peke yangu, nimevaa jeusi, sikubeba hata fungu la ndizi, na machozi ya aibu yananilenga.

Bi Rukia akanitazama usoni.

"Umetoka Likoni?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Ni Saumu?"

Nikatikisa tena. Nilidhani ananiuliza kama ni Bi Saumu aliyenituma.

"Innalillahi!" akasema Bi Rukia, na ungo wa mchele ukamwagika. Wale wengine wakaangua kilio. Nami nikalia, maana sikujua wanalilia nini. Kabla sijapata pumzi majirani walikwisha kuingia, sufuria kubwa ya kahawa ya tangawizi imetelekwa, mtu anauliza maziko ni saa ngapi, na mjukuu mmoja wa Bi Rukia, anayeitwa Asha, amesimama uani na simu anapiga kila nambari anayoijua.

Hatimaye Asha akampata Mama. Nilisikia sauti ya Mama kutoka kwenye simu, chumba kizima kilisikia.

"Pole ya nini? Mama yuko hapa anakunywa uji!"

Kilio kikakatika. Kisha wakanigeukia wote.

"We mtoto," akasema Bi Rukia, "huna ulimi?"

"Ninao," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza.

Walicheka mpaka wakashika mbavu, isipokuwa mmoja aliyekwisha mlilia Nyanya kwa moyo na sasa alinuna kama aliyeibiwa. Kahawa ikanywewa. Kamba wa hori wakapikwa kwa nazi, nikala mpaka nikaona haya. Asha akapiga tena kwa wale aliowatangazia, mmoja mmoja, akitubu. Hapo ndipo niliposikia kwamba Utange pia walikwisha pigiwa.

Nilipopata sauti nikamweleza Bi Rukia habari ya picha. Akaacha kucheka.

"Leo jua limekwenda," akasema. "Picha ya marehemu haitolewi jioni nyumba hii. Utalala."

Asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi, akafunga mlango wa chumba chake, akafungua sanduku, akatoa kanga juu ya kanga mpaka chini kabisa. Picha ilikuwa imelazwa kifudifudi. Akanipa bila kuigeuza.

"Igeuze wewe."

Ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi. Msichana amesimama upande kidogo mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua. Gauni lina kola pana. Mikono imenyooka ubavuni. Viatu vyeusi, soksi nyeupe. Kila kitu kilionekana, hata vifungo. Uso haukuwapo. Mahali pa uso palikuwa na doa jeupe, kingo zake zimepanda juu kidogo kama ngozi iliyoungua.

Kola ile Nyanya alikwisha nieleza, na moshi ule pia.

"Ni unyevu, Bi?" nikauliza. Nilitaka aseme ni unyevu.

"Unyevu ungekula na miguu." Akakaa kitandani. "Nitakwambia, na usimwambie Saumu. Mume wangu alipofariki, nilikuwa eda humu ndani, pazia limeshushwa pale. Wanawake wamejaa ukumbini. Nikachungulia. Nikamwona Zuhura amekaa karibu na mlango."

"Zuhura?"

"Huyu huyu. Wakati ule picha ilikuwa nzima, nimeishi nayo ukutani miaka, uso wake naujua kuliko wangu. Lakini alikuwa amekua. Mtu mzima, amevaa buibui. Alikula wali na wenzake, akaomba dua na wenzake. Sikuweza kumwita. Kisha akainuka akaenda zake. Nikauliza watu, yule mwanamke alikuwa nani? Kila mtu akadhani ni jamaa wa mwenzake."

"Labda mlimfananisha."

"Wallahi sikumfananisha. Baada ya eda nikatazama ukutani, uso umeanza kutoka. Alikuja kuuchukua, mwanangu. Ulikuwa wake."

Akaifunga picha kwenye kanga, akanisukumia. "Nenda nayo. Hapa haina kazi tena."

Kutoka Jomvu hadi Utange

Njia hii sikuipenda. Mkoba niliupakata, na nilihisi kama nimepakata mtu.

Changamwe gari lilipata pancha tukashushwa kusubiri jingine. Nilikaa kwenye benchi la muuza maji ya miwa, karibu na mwanamke wa bara na bintiye mdogo. Nikamwuliza gari la Bamburi. Kutamka swali hilo kulinichukua muda mrefu, na alipojibu aliongea haraka sana nikaelewa nusu. Nikatoa kanga nijifute jasho, nikasahau kilichomo. Picha ikaanguka miguuni pa mtoto.

Akaiokota. Hakushtuka kwamba haina uso. Watoto hawatazami tunapotazama sisi.

"Mum, ona huyu. Viatu vimemkataa."

"Rudisha kitu ya wenyewe."

"Lakini ona! Mguu iko nje."

Nikatazama. Kweli. Visigino vilikuwa vimetokea nyuma ya viatu, vimekanyaga ukosi wa kiatu na kuulaza. Na gauni, sasa nililiona, liliishia juu ya magoti, na mikono ya nguo iliishia kabla ya vifundo. Msichana alikuwa ametiwa ndani ya nguo zile kwa nguvu.

"Anataka kuenda," akasema mtoto. "Hataki picha."

Mamake akamvuta, akaniambia pole. Nikasema haidhuru. Gari lilipokuja nilikaa dirishani, nikavuka daraja la Nyali bila kutazama bahari, nikiwaza: mzazi gani ampeleke mtoto wake kupigwa picha na nguo zisizomtosha?

Bamburi nilishuka nikatafuta bodaboda. Kijana aliyenibeba alipotea njia, kwa sababu Utange kila wiki inaota nyumba mpya na mahali palipokuwa na mkorosho wa kuelekeza pana ukuta. Tulizunguka vichochoro vya matofali mabichi mpaka akaanza kunilaumu mimi. Hatimaye mwanamke anayekaanga samaki akauliza, "Mwatafuta nyumba ya Mwanakombo? Yule asiyepigwa picha? Ni ile yenye mlango wa buluu."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo nyumbani pia. Kwenye picha za arusi za ukoo wetu mama mkubwa hayumo hata moja. Nilikuwa namjua kwa sauti tu, simu ya sikukuu ya Idi, maneno machache.

Utange

Alikuwa amekaa barazani, amevaa buibui, mtandio umefungwa, mkoba uko mapajani. Kama mtu anayengoja gari. Nikabisha hodi kwa sauti ndogo. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mimi ni Riziki."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemuua mama yangu jana."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alisogea akanipa nafasi barazani.

"Walinipigia simu mchana," akasema. "Nikavaa nikamzike. Nimefika mlangoni, wakapiga tena, wakasema hakufa. Nikakaa hapa. Mpaka leo sijavua."

"Tangu jana?"

"Nililala navyo." Hapo akanigeukia. "Hata kumlilia sikumlilia. Nilifunga mkoba tu. Nikajiuliza, nitaingia nyumba ile niseme mimi ni nani?"

Uso wake ulikuwa wa kawaida, wa mtu mzima aliyechoka, na kovu dogo lililokata unyusi wa kushoto. Akaniletea muhogo wa nazi na chai, akanitazama nikila, asile. Kisha nikamwambia nilichotumwa. Nilidhani atakataa. Akasema, "Njoo."

Chumbani kwake palikuwa na fremu ukutani. Iligeuzwa, mgongo wa kadibodi ndio uliotazama chumba. Akaishika pande mbili akaigeuza.

Gauni lile, pazia lile, viatu vile. Na uso. Uso ulikuwa mzima, umekaza midomo, macho yametazama juu ya kamera, mahali ambapo labda palisimama mtu mzima. Unyusi wa kushoto ulikuwa umekatwa na kovu.

Nikaitazama picha. Nikamtazama yeye. Nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa.

"Ni mimi," akasema. "Zuhura hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Alipokufa, Baba aliona hakuna cha kumkumbuka. Matanga hayajaisha, akanichukua mjini, akanivika nguo zake. Zilikuwa zinanukia udi bado. Mimi nilikuwa mdogo wake lakini mwili wangu mkubwa. Viatu vikakataa. Baba akapiga magoti akanisukuma mguu, analia, ananisukuma mguu."

"Hawakukwambia ni ya nini?"

"Niliuliza, Zuhura akirudi atavaa nini? Mwenye kamera akaniambia nisicheke."

Akakaa karibu nami.

"Picha ilipoletwa nyumbani, Mama aliitazama, kisha akanitazama mimi. Alianza kuniita Zuhura. Kila siku. Zuhura njoo ule, Zuhura njoo nikusuke. Mimi sikuitika, nilijua si mimi. Siku moja nimechoka, ameniita, nikasema, abee."

Akanyoosha shuka kitandani. Nje mtu alikuwa akiita kuku.

"Mama alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Alijifunika uso kwa kanga. Kesho yake nikaletwa Utange. Walisema kwa sababu mama mdogo hana mtoto. Mimi nikajua ni kwa sababu niliitika."

Nikakumbuka Jomvu, nikauliza tu, "Wewe ulikwenda matanga ya mume wa Bi Rukia?"

"Nilikwenda. Nikajiona ukutani. Nikaondoka."

Sikumwambia alivyosema Bi Rukia. Labda nilipaswa.

Nilimweleza kwa utaratibu habari ya mtoto wa kwenye ndoo, na kwamba Nyanya anataka uso wa Zuhura kabla ya kuingia gizani. Alisikiliza bila kupepesa.

"Uso wa Zuhura haupo duniani," akasema. "Upo huu. Nikimpelekea, ataniita tena jina lile. Nisipompelekea, atapofuka akiungoja."

Akaishusha fremu, akaifuta vumbi kwa upindo wa buibui, akaitia mkobani.

"Nimekwisha kuvaa kwa kumzika," akasema. "Siwezi kuvua nikakaa nyumbani ati kwa sababu yu hai."

Kurudi Likoni

Nililala kwake, tukaondoka asubuhi. Njiani hakusema sana. Kwenye feri alisimama katikati kabisa ya watu, akashika mkono wangu kwa nguvu, na nilipomwuliza kama anaogopa maji alisema hapana. Likoni alitaka kununua kitu asiingie mikono mitupu. Akanunua maembe, akayarudisha, akanunua halua, tukafika nyumbani na halua imeanza kulainika kwa joto.

Mama alikuwa mlangoni. Waliangaliana, hawakujua wakumbatiane au waamkiane, wakafanya yote mawili kwa pamoja wakagongana. Mama akacheka, kisha akaweka kidole mdomoni, akatuonyesha ndani.

Nyanya alikuwa amekaa mkekani, karibu na dirisha.

"Riziki? Umeuleta?"

"Nimekuja na mtu, Nyanya."

"Nasikia. Miguu miwili imeingia na miwili imesimama. Nani huyo?"

Mama mkubwa alifungua kinywa, kikakataa kutoa sauti. Nilimwelewa sana. Mwishowe akasema, polepole, "Mwanakombo."

Nyanya hakushtuka. Alisema, "Njoo kwenye mwanga."

Mama mkubwa akaingia, akapiga magoti mbele yake, karibu kabisa, akainua uso. Nyanya akaelekeza kichwa kwake kidogo, kisha akakigeuza. Aliugeuza uso wote ukutani, akakaa hivyo.

Nilimwona mama mkubwa anavyobadilika. Alikaza midomo vilevile kama kwenye picha. Akainuka, akauchukua mkoba.

"Nilijua," akasema. "Kaa salama, Mama."

Mama alikuwa uani anatafuta sahani ya halua. Chumbani palikuwa na mimi tu. Na kuna jambo ambalo hata nyinyi sikuwaeleza, kwa sababu sisi nyumbani tumelizoea: macho ya Nyanya yamekufa katikati. Kilicho mbele yake hakioni. Kilichobaki ni pembeni, kipande chembamba. Akitaka kukutazama kweli, lazima ageuze uso pembeni, mbali nawe.

"Mama mkubwa, kaa!" nikasema. Nilisema kwa nguvu mpaka mwenyewe nikashtuka, na Mama akachungulia kutoka uani. "Hatazami ukuta! Anakutazama wewe. Macho yake ndivyo yalivyo. Akigeuza uso pembeni ndipo anapokuona!"

Mama mkubwa alisimama na mkoba mkononi. Nyanya hakusogea. Kichwa ukutani, jicho pembeni kabisa, limemshika.

"Ndiye huyu," akasema Nyanya.

"Mimi nani, Mama?"

"Mwanakombo. Zuhura nilimuosha mwenyewe, uso wake niliufunika kwa mikono hii. Zuhura hana sababu ya kuja kukaa kwenye ndoo yangu. Nimekaa hapa namtafutia mtoto uso wa maiti, kumbe ni yule niliyemtoa nyumbani yu hai."

Mama amesimama mlangoni na sahani tupu. Nyanya akaendelea kumtazama kwa njia yake ile, anasogeza kichwa kidogo juu, kidogo chini, anamsoma kipande kipande, mpaka nywele zilizochungulia mtandioni.

"Una mvi, Mwanakombo."

"Ninazo, Mama."

"Na nani alikuruhusu?"

Mama mkubwa akaweka mkoba chini.